Mgongo wa Sahani

Siku Avis Mountford alipoivunja ile sahani kubwa ya nyama, mama yake alisema neno moja tu: "Basi." Afadhali angefoka. Bi. Ida Tunnicliffe alikuwa mwanamke wa kufoka; alimfokea paka, alimfokea mchungaji, na picha ya marehemu mumewe iliyokuwa ukutani nayo ilipata sehemu yake kila asubuhi. Lakini siku ile alisimama mlangoni pa jikoni, akavitazama vipande vilivyotapakaa sakafuni, akasema basi, akaenda kuketi sebuleni. Avis, mikono bado ina povu la sabuni, akavizoa vile vipande na kuvitupa. Huko Stoke, mji wa Uingereza wa viwanda vya vyombo vya udongo, hakuna anayeunga chombo kwa gundi. Ukilima bustani yako unachimbua vigae kabla ya kufikia viazi. Chombo kikivunjika kinatupwa, na kingine kinachukuliwa, kwa sababu kila ukoo una mtu wake kiwandani.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na chakula cha mchana. Avis na mumewe Roy walifika saa saba kama kawaida, wakakuta meza imevuliwa kitambaa na Bi. Ida amesimama kando ya beseni anatafuna mkate na jibini.

"Siandai meza yenye pengo," akasema. "Kama mna njaa, duka la chapati za shayiri liko wazi."

Avis alidhani ni hasira za siku moja. Jumapili ya pili alikuja na sahani kubwa nyeupe kutoka kwake, nzuri tu, haina hata ufa. Mama yake akaitazama kana kwamba ameletewa kiatu. Jumapili ya tatu hali ikawa ileile, na ya nne pia, mpaka Avis akaelewa kwamba amefukuzwa mezani pa mama yake akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei.

Na hilo ndilo lililomuuma. Sahani ni udongo tu, na udongo kule si kitu cha kulilia. Lakini ile meza ya Jumapili ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo yeye na mama yake waliweza kukaa pamoja bila kugombana, pengine kwa sababu midomo ilikuwa imejaa. Siku za kazi walikula kwenye vyombo vilivyopinda, vikombe vyenye madoa, bakuli zisizokaa sawa. Jumapili zilitoka kabatini sahani za seti ile nzuri, zenye nakshi ya majani, na Bi. Ida alibadilika akawa mtu mwingine, mpole, wa kuuliza habari za watoto na kusubiri jibu. Sasa alikuwa anakula amesimama, peke yake, na mabega yake yalianza kuchongoka chini ya sweta. Mwanamke wa miaka themanini hana nyama ya kupoteza. Avis akajiapiza kwamba ataitafuta sahani nyingine kama ile, aipate, na airudishe pale pengo lilipo.

Alidhani itakuwa kazi ya wiki moja. Mji wake ndio ulioilisha nusu ya dunia kwa sahani zake, atakosaje moja?

Alianza pale ambapo kila mtu wa Stoke huanzia: akaichukua sahani ndogo ya seti ile na kuigeuza. Watu wa pale hawawezi kukiona chombo wasikigeuze. Wanageuza sahani arusini, wanageuza visahani mazishini, mfiwa bado analia. Mgongoni ndiko kwenye muhuri, na muhuri ndio unaokwambia kiwanda gani, mji gani, na nakshi inaitwaje. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, na hawa wameinama tangu babu zao.

Lakini sahani za Bi. Ida hazikuwa na muhuri. Mahali pake palikuwa na kiraka kikavu, kimekwaruzwa na kusagwa mpaka mng'aro umetoka na udongo umebaki uchi. Maana yake inajulikana na kila mtoto wa mji ule: chombo cha kasoro. Kiwanda kinapotoa sahani yenye dosari hukifuta kitambulisho chake, isije ikauzwa kwa jina lake, na mfanyakazi anaibeba kwenda nayo kwake. Na baba yake Avis, marehemu Wilf, alikuwa mchochea tanuri katika kiwanda cha Massingham kule Burslem, mmojawapo wa miji midogo inayounda Stoke, tangu ujana wake hadi mgongo ulipomsaliti. Kwa hiyo hapakuwa na cha kufikiri. Sahani zilikuwa za Massingham, za kasoro, baba alizileta nyumbani.

Kilichobaki ni kujua nakshi. Majani membamba ya kijani yanayotambaa ukingoni, vitunda vyekundu viwiliviwili, kikonyo kimoja kinachojikunja kuelekea katikati. Ilipakwa kwa mkono, jambo ambalo lingeweza kurahisisha mambo.

Halikurahisisha. Massingham ilikuwa imefungwa zamani, jengo limegeuzwa ghala la mazulia, lakini wanawake waliokuwa wapaka rangi wake bado walikutana kila Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa kunywa chai. Avis akawapelekea sahani. Wa kwanza kuipokea aliigeuza, akasikitika, akampa wa pili, naye akaigeuza. Ikazunguka meza nzima ikiwa chali, na hakuna aliyeyatazama majani mpaka migongo ilipokwisha kutazamwa.

"Mkono huu ninaujua," akasema Bi. Winnie Salt, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. "Huyu ni Gladys. Gladys alikuwa anavuta brashi hivi, halafu anaitupa."

"Gladys yupi?" akauliza Bi. Elsie Cartlidge. "Gladys alikuwa anapiga mistari tu ukingoni. Jani hata ungempa la kabichi kulinakili asingeweza."

"Wewe uliona nini? Ulikuwa huna miwani."

"Na wewe ulikuwa huna kazi, ulikuwa unazurura kwenye madawati ya watu."

Wakaendelea hivyo mpaka birika la pili. Walikubaliana jambo moja tu, na lilikuwa baya kuliko yote: kama hakuna anayeikumbuka nakshi hii, basi ilikuwa ya majaribio, iliyopakwa seti moja ikaonwa haifai, haikuuzwa hata siku moja. Maana yake haina dada duniani. Avis aliondoka pale kichwa kinamgonga.

Alikwenda makumbusho. Afisa mmoja mpole, mwenye vidole safi kuliko vya mtu yeyote aliyewahi kugusa udongo, aliikagua kwa dakika nyingi, akaenda akarudi, akamjulisha kwamba hiki ni chombo cha mezani, cha mkoa wa Staffordshire, cha miaka ya hamsini. Avis mwenyewe alikuwa wa mkoa wa Staffordshire, wa miaka ya hamsini. Alitamani kumwuliza kama naye angeandikiwa kadi na kuwekwa kwenye kabati la kioo. Alimshukuru tu, akatoka nje akakaa kwenye gari akaupiga usukani ngumi.

Majira yakapita. Aliyajua magulio yote ya mkoa, yale ya kwenye viwanja vya matope ambako watu hufungua buti za magari na kutandaza mali za marehemu. Aliinama juu ya maboksi, mvua ikimwagika kwenye kola, akigeuza sahani za wenyewe. Wauzaji wakaanza kumjua, wakimwona anakuja wanasema, "Dada wa majani huyo." Mara moja aliipata, au alidhani ameipata, chini ya rundo la vitabu vya hadithi za watoto na pasi mbovu. Aliendesha gari hadi kwa mama yake kama anapeleka mgonjwa hospitali. Walipoziweka pamoja mezani, ile ya gulioni ilikuwa na vitunda vitatuvitatu, na kijani chake kilikuwa kimeelekea kwenye bluu.

"Siyo," akasema Bi. Ida. Hakuwa hata ameketi. "Acha, Avis. Nimekwambia acha."

"Nimezunguka mkoa mzima, mama. Viatu vyangu havikauki."

"Nani alikutuma?"

"Si wewe uliyekataa kupika?"

"Sikukataa kupika. Nimekataa kuandaa. Na wewe badala ya kuniacha na pengo langu, unapita mji mzima na sahani yangu kwapani, unawapa watu waigeuze. Nani kakwambia nataka igeuzwe?"

Avis aliona hapo ndipo dhuluma ilipo. Anahangaika kwa ajili ya mama, na mama anamhesabia kuhangaika kwenyewe kuwa kosa. Aliondoka akaubamiza mlango, kisha kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akarudi kuangalia kama kioo hakijapata ufa.

Mtu mmoja tu aliyekaribia ukweli alikuwa Bwana Leese, muuza vikorokoro wa soko la Hanley, na malipo yake yalikuwa kutukanwa. Alikuwa na kitabu cha mihuri kinene kama tofali, ambacho kwa sahani isiyo na muhuri kilikuwa na faida ya tofali. Basi akakiweka kando, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye duara lile ambalo sahani hukalia. Akagonga ukingo kwa ukucha, akasikiliza.

"Mguu huu si wa Massingham, bibie," akasema. "Massingham walikuwa na mguu mnene. Hii mimi ningeitafuta mji mwingine. Huenda walinunua."

Avis alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Kununua? Sahani? Katika nyumba ya Wilf Tunnicliffe, aliyezaliwa kando ya tanuri na kuzikwa karibu na tanuri? Watu wa Stoke hawanunui vyombo. Vyombo hununuliwa na watu wa London, na Wamarekani. Mtu wa Stoke anayeonekana dukani analipia sahani ni sawa na mvuvi aliyekutwa sokoni anauliza bei ya dagaa: ama amefukuzwa kazi, ama ukoo umemtupa.

"Baba yangu alikuwa Massingham, Bwana Leese. Unadhani sisi ni watu wa kununua?"

Mzee yule akafumbua macho, akaomba radhi. Na radhi ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu naye alikuwa mtu wa palepale na alijua kwamba amevuka mpaka. Wote wawili wakakubaliana kwamba kidole gumba kinaweza kukosea. Hivyo Avis akaendelea kutafuta pasipokuwa na kitu, kwa miezi mingine kadhaa, kwa ajili ya heshima.

Kiangazi Roy akachoka. Alisema yeye hakumwoa mtu wa makumbusho, na kama hawataenda pwani wiki ya likizo ya viwanda ataenda peke yake. Viwanda vyenyewe vilikuwa vimefungwa karibu vyote, lakini wiki ile watu wa Stoke bado huenda pwani, kama kuku anayetembea baada ya kukatwa kichwa. Wakaenda Llandudno, wakapanga chumba kwa Bi. Eluned Pugh, mjane wa Kiwelisi mwenye nyumba nyembamba inayotazama bahari ukichungulia kwa pembeni. Avis aliahidi hatageuza chochote.

Asubuhi ya kwanza walikaa mezani. Meza ya jirani walikuwa mume na mke kutoka Leeds, watu wakimya, na Bi. Pugh akawaletea soseji na nyanya za kukaanga kwenye sahani moja kubwa wajipakulie. Avis alikuwa anapaka siagi. Akainua macho. Chini ya soseji ya pembeni, ukingoni, palichomoza jani jembamba la kijani, na kando yake vitunda viwili vyekundu, na kikonyo kilichojikunja kikipotea chini ya nyanya.

Hakukumbuka kusimama. Roy baadaye alisimulia kwamba alimwona mkewe akivuka chumba, akaishika ile sahani kwa mikono miwili, akasema "Samahani," akaigeuza juu chini. Soseji zikamwangukia mzee wa Leeds mapajani. Nyanya zikafuata. Mke wa mzee huyo akatoa sauti kama ya birika linalochemka. Avis hakuwasikia. Alikuwa ameiinua sahani usawa wa macho, mafuta yanamchirizika hadi viwikoni, na mgongoni mwake palikuwa na muhuri mzima, wa rangi ya kahawia, una kijitaji juu, kama ulivyotoka tanurini: OLLERSHAW NA WANAWE, LONGTON. Na chini yake jina la nakshi, BRYONY, jina la mtambaa wa porini unaopanda kwenye nyua.

"Longton?" akasema Roy, aliyekuwa amekuja kumkamata. Alilitamka kama mtu anavyotamka mwezini. Burslem na Longton ni mji mmoja kwenye ramani, mwendo wa basi moja, lakini mtu wa Burslem hukubali kula kwenye kiganja kabla ya kula kwenye sahani ya Longton.

Bi. Pugh alikuja na kitambaa. Hakukasirika kama alivyostahili; alisema wageni wa Stoke anawafahamu, ila hawa ndio wa kwanza kufanya hivyo chakula kikiwa juu. Sahani aliachiwa na shangazi yake na aliichukia kwa uzito wake. Akamwambia Avis aichukue, kwa masharti kwamba ataosha vyombo vya asubuhi vya nyumba nzima na kuifua suruali ya mzee wa Leeds. Avis akaosha akiwa analia, na hakujua kama ni furaha au ghadhabu. Mwaka mzima. Na Bwana Leese alimwambia.

Njiani kurudi Roy alijaribu kumchangamsha. "Labda mama yako alikuwa na mtu wake Longton," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Avis alikuwa hacheki, na kwa sababu jambo lenyewe, ukilitazama, lilikaa vizuri mno. Seti nzima kutoka kwa wapinzani. Muhuri umefutwa kila sahani. Mwanamke anayekataa sahani zake zigeuzwe. Kufika kwenye malango ya mji, Avis alikuwa amekwisha kumwona huyo mwanamume, amevaa kofia, ana masharubu.

Aliiweka sahani mbele ya mama yake bila salamu. Bi. Ida aliyatazama majani. Uso wake ukalegea, ukawa wa msichana. Halafu mikono ikafanya kama mikono ya pale inavyofanya, ikaigeuza, na alipouona muhuri akaufunika kwa kiganja.

"Nani ameiona hii?"

"Mama," akasema Avis, "huyo wa Longton alikuwa nani?"

"Nani?"

"Mwanamume aliyekupa vyombo hivi. Mimi si mtoto. Niambie tu."

Bi. Ida alimkazia macho bintiye. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, ikabidi Avis ampigepige mgongoni.

"Mwanamume," akasema alipopata pumzi. "Wa Longton. Avis, hata ningetaka kuzini, ningeenda huko kutafuta nini?"

Ndipo akamweleza, akiwa ameishikilia sahani kifuani, muhuri ukiwa upande wake. Kabla ya kuolewa, na miaka kadhaa baadaye, alikuwa mchambuzi pale Massingham. Kazi yake ilikuwa kupitisha vidole juu ya kila sahani iliyotoka tanurini: yenye dosari huku, isiyo na dosari kule. Zisizo na dosari alizifunga kwenye majani makavu, zikapanda meli. Baada ya vita serikali ilipiga marufuku vyombo vya rangi kuuzwa nchini; vyote vilikwenda nje kutafutia nchi fedha. Wenyewe walibakiwa na vyeupe na vya kasoro. Alishika sahani nzuri kutwa nzima na jioni akarudi kula kwenye iliyopinda. Hakulalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilalamika. Lakini marufuku ilipoondolewa, dukani Hanley wakaweka dirishani seti ya Bryony, na yeye akawa kila Jumamosi anasimama pale kwenye baridi. Hakumwambia mtu. Wilf alimwona.

"Akaenda akainunua," akasema Bi. Ida. "Dukani, Avis. Aliingia kwa mlango wa mbele, akalipa bei kamili, kama Mmarekani. Aliniambia hajawahi kuona haya vile maishani mwake. Alizileta nyumbani chache chache, amezizungushia magazeti, kama mwizi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anataka niwe na kitu kimoja kisicho na kasoro."

Halafu Wilf akafunga mlango, akakaa pale jikoni na jiwe la kiwandani, akaisaga mihuri yote. Nyumba ya pili alikaa Bagnall, msimamizi wake wa tanuri, na Bagnall alikuwa anaingia bila kubisha hodi, anageuza kikombe kabla ya kunywa. Mchochea tanuri wa Massingham anayewalisha watu wake kwenye sahani za Longton angechekwa mpaka ahame mji, kama si kufukuzwa kazi kabisa. Basi Wilf akazigeuza zile sahani nzuri kuwa za kasoro, kwa nyuma tu.

"Akasema, mbele ni yako, Ida, nyuma ni ya majirani. Na mimi nikamwapia kwamba hakuna mtu wa mji huu atakayejua."

Avis aliketi. "Ungeniambia, mama. Mwaka mzima."

"Ningekwambia, ungekwenda moja kwa moja Longton ukaulize kwa sauti hiyo uliyonayo."

Bi. Ida akainuka, akafungua droo, akatoa jiwe la kijivu lililolika upande mmoja, akaliweka mezani mbele ya bintiye.

"Haipandi mezani hivi," akasema.

Avis alidhani amesikia vibaya. Alimwambia mama yake kwamba ule ndio muhuri pekee mzima wa Bryony aliowahi kuuona. Alimwambia habari za matope, za afisa wa makumbusho, za soseji. Sauti ilimpanda. "Baba amekufa. Bagnall amekufa. Massingham imekufa, na hao Ollershaw nao wamekufa. Sasa tunamficha nani?"

"Niliapa kwake," akasema Bi. Ida. "Sikuapa kwa hao wengine."

Kulikuwa na njia mbili tu, na Avis aliziona zote. Angeweza kuibeba sahani yake na muhuri wake akaenda nao kwake, akaiweka juu ya kabati, akawaonyesha watu kwamba alikuwa sahihi. Na mama yake angeendelea kula mkate amesimama. Alilitazama lile jiwe kwa chuki. Kisha akavuta kiti, akaipakata sahani kifudifudi kwenye magoti, akaanza.

Ni kazi mbaya, kusaga mng'aro. Jiwe linateleza, linapiga kelele inayoingia kwenye meno, na mwanzoni hupati kitu ila unga kidogo. Vidole vilimuuma, kisha kifundo, kisha bega. Aliulaani udongo wa Staffordshire. Mama yake alisimama nyuma yake akimsahihisha: usichimbe, sugua, usiende duara, nenda hivi, baba yako alikuwa anaanza na jina la mji. Avis akaanza na jina la mji. Longton ikapauka, ikafifia, ikaondoka. Alipofika kwenye jina la nakshi, alilolitafuta kuliko yote, machozi yalikuwa yanadondoka juu ya unga na kuufanya uji, na Bi. Ida akampa kitambaa. Alisaga mpaka pakawa na kiraka kikavu kama vingine.

Mama yake akapitisha kidole gumba juu yake, macho yamefumbwa, mchambuzi wa Massingham kazini.

"Jumapili, saa saba," akasema. "Na nitamkaribisha Ted wa hapo jirani. Mkewe kamwacha, anakula vyakula vya makopo."

Ted alikuwa mtoto wa Bagnall, msimamizi wa tanuri.

Jumapili meza ilivishwa kitambaa. Bi. Ida alileta nyama ya kondoo imelala juu ya Bryony, viazi pembeni, na majani yakichungulia kila pahala. Alikuwa amepaka hata rangi ya mdomo. Ted Bagnall, jitu kubwa lenye haya, alikaa kando ya Avis, na kabla nyama haijakatwa aliinyanyua sahani yake ndogo na kuigeuza, akakisugua kile kiraka kwa kidole kama baba yake alivyokuwa akifanya.

"Nzuri hizi," akasema. "Sijaiona nakshi hii. Ya wapi?"

Roy aliinamia viazi vyake. Bi. Ida akawa ananoa kisu taratibu, hakumtazama mtu. Avis alilijua jina la kiwanda, na jina la mji, na jina la nakshi. Mtu mwingine wa kuyajua hakuwepo katika Burslem yote ila mama yake na Roy, na yalikuwa yanamwasha ulimi.

"Massingham," akasema. "Za kasoro. Baba alikuwa pale."

"Nilidhani," akasema Ted, akairudisha sahani yake mezani.

Bi. Ida akakata nyama. Kipande cha kwanza, kile cha pembeni kilichokaukia vizuri, ambacho tangu Wilf afariki hakuna aliyethubutu kukiomba, akakiweka kwenye sahani ya Avis.